Kifaru kizee hakistaafu: Kwa nini majeshi hung'ang'ania silaha za enzi za vita

MJINI Athi River, Kaunti ya Machakos, chuma kikuukuu hakikai sana. Lori lililokufa injini hukatwa vipande, vikapimwa kwa kilo na kupelekwa katika viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu na kuvigeuza nondo za kujengea nyumba.

Jeshini mambo ni tofauti. Katika mataifa mengi yenye hazina nyembamba, kifaru cha vita kilichoundwa kabla ya baba ya dereva wake kuzaliwa bado huwashwa asubuhi, hupakwa rangi mpya na kupitishwa mbele ya rais siku ya gwaride.

Amerika Kusini ndiko ukongwe huo ulikovuka mipaka ya kawaida. Hadi mwaka wa 2018, kikosi kinachomlinda Rais wa Paraguay jijini Asunción kilikuwa na vifaru vitatu aina ya Sherman. Hivi ni vifaru vilivyobuniwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vita vilivyomalizika mwaka wa 1945. Jeshi hilo hilo lilikuwa pia na Stuart, kifaru chepesi cha enzi hizo ambacho lilikipata kutoka kwa jirani yake Brazil.

Ingawa Paraguay ni nchi ya mbali, vifaru vyenyewe si vigeni katika historia ya Machakos.

Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii ambazo Waingereza walizitegemea mno walipoandikisha askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho wazee wetu walikiita KAR. Mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Askari wake waliteremka Bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi wakaufikia mto Chindwin mahali paitwapo Kalewa mnamo Desemba mwaka huo.

Hapo wanahandasi wa jeshi walitandaza daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo halikuwa na mfano wake kwa urefu. Juu ya daraja hilo vikavuka vifaru vya Jeshi la 14, vikielekea mto Irrawaddy.

Askari aliyerejea kwao Machakos mwaka wa 1946 akiwa na umri wa miaka 25 angekuwa na miaka 97 siku Paraguay ilipoziaga Sherman zake za mwisho.

Kwa nini basi taifa huru, lenye bajeti na majenerali, likae na silaha ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 70? Jibu la haraka ni umaskini. Jibu hilo lina ukweli ndani yake lakini halitoshi, kwani yapo mataifa maskini yaliyonunua vifaru vipya na mataifa yenye uwezo ambayo hayakufanya hivyo.

Adui ni nani?

La kwanza la kuuliza ni kifaru hicho kinatarajiwa kupigana na nani. Vita vikubwa vya mwisho baina ya mataifa katika bara la Amerika Kusini vilikuwa vile vya Chaco, kati ya Bolivia na Paraguay, vilivyodumu kutoka 1932 hadi 1935. Bolivia ilipeleka huko vifaru vichache vya Uingereza kutoka kampuni ya Vickers, jina ambalo tutalirudia tutakapofika Kenya. Joto, kiu na vichaka viliviadhibu, na baadhi vikatekwa na Waparaguay.

Tangu wakati huo, kifaru cha Paraguay hakijavuka mpaka kwenda kupigana na kifaru cha nchi nyingine. Kazi yake imekuwa nyumbani. Usiku wa Februari 2 kuamkia Februari 3, 1989, vifaru viliingia barabarani jijini Asunción wakati Jenerali Andrés Rodríguez alipompindua Jenerali Alfredo Stroessner, aliyekuwa ametawala tangu mwaka wa 1954. Kwa shughuli ya aina hiyo, mzinga wa mwaka wa 1943 unatisha sawasawa na wa jana. Pengine hiyo ndiyo sababu watawala wengi hupenda vifaru vyao viwe karibu na ikulu kuliko mpakani.

Chile ilikuwa na hesabu nyingine. Mwaka wa 1978 nusura iingie vitani na Argentina, na haikuwa na imani na Peru, iliyokuwa imenunua mamia ya vifaru vya T-55 kutoka Muungano wa Kisovieti. Chile nayo ilinunua kutoka Israeli Sherman zilizofanyiwa mageuzi makubwa na kupachikwa mizinga ya milimita 105, mikubwa kupita kiasi kwa gari lenyewe. Zilihudumu hadi mwaka wa 1999, ndipo zikaziachia nafasi Leopard za Ujerumani. Penye jirani wa kutiliwa shaka, fedha hupatikana.

Aidha kuna suala la uzito, ambalo wanasiasa hulisahau lakini wanahandasi hawawezi. Stuart ina tani zipatazo 13 na Sherman tani 30. Leopard 2 ya kisasa au Abrams ya Marekani hupita tani 60. Mtu yeyote aliyeona daraja la mashambani likisombwa na mafuriko ya mto Athi au mto Thwake anaweza kukisia kitakachotokea tani 60 zikipita juu ya madaraja yetu mengi. Nchi inayonunua kifaru kizito sharti inunue pia trela za kukibebea, madaraja ya kukivusha na magari ya kukivuta kinapokwama. Gharama hiyo haionekani kwenye picha za gwaride.

Injini mpya katika gari la zamani

Ukongwe wenyewe pia hupunguzwa makali. Stuart nyingi, pamoja na Sherman za aina kadhaa, zilitoka kiwandani zikiwa na injini za petroli zilizotokana na injini za ndege. Zilikunywa mafuta kwa pupa na vipuri vyake vikaadimika mara tu Marekani ilipoacha kuviunda.

Katika miaka ya 1970, kampuni ya Bernardini ya Brazil ilizichukua Stuart, ikatoa injini hizo na kuweka za dizeli za Scania, kisha ikabadilisha kichwa cha kifaru na kukipa mzinga wa milimita 90. Kifaru hicho kikaitwa X1. Uruguay nayo ilifanya mageuzi kama hayo kwa M24 Chaffee, kifaru kingine cha mwisho wa vita, ikakipa injini na mzinga mpya.

Tusiyadharau mageuzi hayo. Scania ilikuwa ikiunda malori nchini Brazil kwenyewe, hivyo vipuri vilipatikana na mafundi walikuwepo. Ni akili ile ile ya fundi wa jua kali anayetia injini ya Isuzu katika pikapu ya Peugeot 504: umbo ni la zamani, lakini linaloharibika kila wiki linaweza kununuliwa dukani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Umri wa kifaru hauhesabiwi kwa mwaka kilipoundwa. Huhesabiwa kwa vipuri, kwa maana ya iwapo bado kuna mtu duniani anayeunda minyororo yake, risasi za mzinga wake na mipira ya kuzibia mafuta yake. Siku mtu huyo anapofunga duka, kifaru cha miaka 20 huwa mzigo. Asipofunga, kifaru cha miaka 60 huendelea.

T-55 na mitaa ya Mogadishu

Hakuna mahali ambapo kanuni hiyo inaonekana wazi kuliko Afrika Mashariki, na tofauti na Paraguay, huku kwetu vifaru vikongwe vimepigana vita vya kweli.

Uganda ya Idi Amin ilikuwa na mchanganyiko wa ajabu: Sherman chache zilizotoka Israeli kabla ya uhusiano kuvunjika mwaka wa 1972, pamoja na vifaru vya Kisovieti. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia Uganda na vifaru vya Type 59, ambavyo ni T-54 ya Kisovieti iliyoundwa China, na jiji la Kampala likaanguka Aprili 1979.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, vifaru vya ukoo huo huo vilikuwa bado kazini. Wanajeshi wa Uganda waliokwenda Somalia kuanzia Machi 2007 chini ya mwavuli wa AMISOM walikwenda na T-55. Katika mapigano ya mtaa kwa mtaa ya 2010 na 2011, vifaru hivyo viliwatangulia askari wa miguu na kubomoa kuta walikojificha wapiganaji wa Al-Shabaab. Kundi hilo liliondoka Mogadishu Agosti 2011.

Ukiifungua T-55 utakuta Vita Vikuu vya Pili ndani yake. Injini yake ya dizeli yenye silinda 12 ni mtoto wa ile ya T-34, kifaru kilichowakabili Wajerumani kuanzia mwaka wa 1941. Mzinga wake wa milimita 100 unatokana na ule uliowekwa mwaka wa 1944 kwenye gari la kuwindia vifaru liitwalo SU-100. Kwa hivyo kijana wa Uganda aliyekuwa akilenga jengo mjini Mogadishu alikuwa akitumia zana iliyobuniwa kwa ajili ya kumkabili Hitler.

T-54 na T-55 ziliundwa kwa makumi ya maelfu, katika nchi kadhaa, na hilo ndilo lililozipa maisha marefu. Penye T-55 moja isiyowaka, kuna nyingine tatu za kuichangia vipuri. Nje kidogo ya Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kuna makaburi mazima ya vifaru na magari ya kijeshi yaliyorundikwa baada ya vita vya uhuru vilivyomalizika mwaka wa 1991.

Kenya na Vickers

Kenya ilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi baada ya uhuru haikuwa na kifaru hata kimoja, bali magari mepesi ya deraya. Hali ilibadilika katikati ya miaka ya 1970. Februari 1976, Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya. Julai 1977 Somalia, ambayo haikuwa imeacha ndoto ya kuunganisha maeneo yote ya Wasomali, iliivamia Ethiopia katika jimbo la Ogaden kwa vifaru vya Kisovieti. Nairobi ilielewa kuwa kaskazini mashariki ya Kenya ilikuwa katika ramani hiyo hiyo.

Mwaka huo wa 1977, Kenya iliagiza Uingereza vifaru 38 vya Vickers Mk 3, na mwaka uliofuata ikaongeza idadi kama hiyo. Vilianza kuwasili 1979 na kukamilika 1982. Jumla yake ikawa 76, mbali na magari maalumu ya kuvuta vifaru vilivyokwama. Kila kimoja kina uzito wa karibu tani 39, hubeba askari wanne na kina mzinga wa milimita 105 uitwao L7.

Mzinga huo una kisa chake. Inasimuliwa kuwa wakati wa maasi ya Hungary mwaka wa 1956, waasi waliendesha kifaru cha T-54 hadi kwenye ubalozi wa Uingereza mjini Budapest. Waingereza walipopima unene wa chuma chake wakatambua kuwa mizinga yao isingekipenya, na L7 ikawa jibu lao. Kwa maneno mengine, Kenya ilinunua dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa uliokuwa kwa majirani zake.

Leo L7 imesambaa kote duniani na makombora yake bado yanaundwa. Mwaka wa 2022 Slovenia iliipa Ukraine vifaru 28 vya M-55S, ambavyo ni T-55 zilizong'olewa mzinga wao wa Kisovieti na kupachikwa L7. Dawa imeishia ndani ya mwili wa mgonjwa.

Tatizo la Kenya liko kwenye mwili wa Vickers wala si mzinga wake. Ukiondoa Kenya, mnunuzi mkubwa wa Mk 3 alikuwa Nigeria peke yake. Kampuni yenyewe iliingia mikononi mwa Alvis mwaka wa 2002, na Alvis ikanunuliwa na BAE Systems mwaka wa 2004. Kifaru hiki kina ndugu wachache na mzazi wake hayupo tena kwa jina lile. Ingawa ni kichanga kwa Sherman kwa miaka 35, kukitunza kunaweza kuwa kugumu zaidi.

Garimoshi kupitia Athi River

Somo la vipuri ndilo lililowafumbua macho Wakenya wengi wakati wa sakata ya meli ya MV Faina. Meli hiyo ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 25, 2008 ikielekea Mombasa, ikiwa imebeba vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya kikombozi kinachotajwa kuwa dola milioni 3.2 kulipwa.

Serikali ilishikilia kuwa vifaru hivyo ni mali ya jeshi la Kenya. Aliyekuwa akiutetea msimamo huo mbele ya wanahabari ni Dkt Alfred Mutua, wakati huo Msemaji wa Serikali, ambaye mwaka wa 2013 alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Machakos. Hata hivyo, katika hati za shehena kulikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini kwa Kiingereza.

Lakini hata bila herufi hizo, hesabu ya karakana ilikuwa na walakini. T-72 hutumia mzinga wa milimita 125 wenye mtambo wa kujipakia, huku Vickers ikitumia wa milimita 105 unaopakiwa kwa mkono. Injini ni tofauti, minyororo ni tofauti, hata lugha ya vitabu vya mafundi ni tofauti. Nchi yenye vifaru 76 vya aina moja haiongezi 33 vya aina nyingine bila kujenga upya karakana zake, maghala yake ya risasi na mafunzo yake. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks mwishoni mwa 2010 zilionyesha kuwa wanadiplomasia wa nchi hiyo walijua vifaru hivyo vilikuwa safarini kwenda Sudan Kusini.

Kutoka Mombasa vifaru vilipakiwa kwenye garimoshi hadi Nairobi, kwa reli ile ile ya kale ipitayo Sultan Hamud, Ulu, Konza na Athi River, reli ambayo iliukwepa mji wa Machakos mwishoni mwa karne ya 19.

Wanaoketi ndani

Katika mijadala yote hii, anayesahaulika kwa urahisi ni askari. Kifaru kikongwe huonekana rahisi kwa Wizara ya Fedha kwa sababu kilikwisha kulipiwa. Bei inayobaki hulipwa na watu wanne walioketi ndani yake.

Chuma kinene zaidi cha T-55, mbele ya kichwa chake, kina takriban milimita 200. Roketi ya kawaida ya RPG-7, silaha ya mwaka wa 1961 inayobebwa begani na mtu mmoja, hupenya zaidi ya milimita 250. Ubavuni na nyuma chuma ni chembamba zaidi. Isitoshe, sehemu ya makombora huhifadhiwa kando ya dereva, na yakishika moto hana muda wa kutoka. Siku hizi kuna pia ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo hushuka kutoka juu, mahali ambapo hakuna kifaru cha zamani kilichowahi kukingwa. Urusi yenyewe ilipoanza kutoa T-54 na T-55 ghalani mwaka wa 2023 kwa ajili ya vita vya Ukraine, ilizitumia zaidi kama mizinga ya kufyatulia mbali, nyuma ya mstari wa mapambano.

Uruguay ilipoamua hatimaye kuzipumzisha Chaffee zake, ilipokea kutoka Brazil mwaka wa 2018 vifaru 25 vya M41. Hivyo navyo ni vya mapema miaka ya 1950.

Kwa upande wa Kenya, vita vya Somalia tangu Oktoba 2011 vimeelekeza fedha kwingine. Adui aliyeua askari wengi hakuja na kifaru, bali alifukia bomu barabarani. Ndiposa ununuzi mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2021 ukawa wa magari 118 ya magurudumu aina ya Hizir, yaliyoundwa na kampuni ya Katmerciler ya Uturuki ili kuhimili milipuko ya ardhini.

Vickers za kwanza zimevuka miaka 45. Zikifuata mwendo wa Sherman za Paraguay, zitaondoka jeshini baada ya mwaka wa 2050, zikiendeshwa na askari ambao wengi wao hawajaanza shule ya chekechea.